Kuliwasha Gari la Baba Neema

Nilikwenda Dubai kumleta mume wangu nyumbani. Nasema hili mapema ili nisiulizwe tena kanisani kama nilikwenda kununua dhahabu. Wafula, baba wa binti yangu Neema, aliondoka Kitale miaka minane iliyopita kwenda kuwa soja, mlinzi wa jengo la nyumba za kupanga, kwa mkataba wa miaka miwili. Alikuja likizo mara mbili. Kisha akapata gari, na gari likampata yeye.

Gari lenyewe nililijua kwa picha za simu: la Kimarekani, la zamani, milango miwili, silinda nane, boneti ndefu hata paka angechoka kuivuka. Mzee Mwarabu mwenye jengo alikuwa ameliacha chini ya jengo miaka mingi, limefunikwa turubai, magurudumu yamelala. Siku moja akamwambia Wafula, "Chukua na karatasi zake. Khalas, basi, nataka nafasi yangu." Wafula alikuwa fundi kabla ya kuwa soja, tena fundi aliyefuatwa na watu kutoka Bungoma, kwa hivyo mpango ulikuwa mzuri: alifufue, aliuze, arudi afungue gereji. "Gari likiwaka tu, Mama Neema, narudi." Nimeambiwa hivyo kwa miaka minne. Subira huvuta heri, sawa, lakini jamani, hata heri huchoka kuvutwa.

Mimi nina duka la vipuri. Niliposikia kwamba kilichobaki ni kabureta, nikasema ala, kabureta nazijua! Nikaomba viza, nikamwacha Neema kwa dada yangu, nikafunga sanduku: unga wa mahindi, unga wa wimbi, na katikati ya nguo karatasi ya kukatia gasketi, ile ya kuziba kati ya vyuma viwili, kutoka rafu yangu mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kuliwasha gari hilo kwa mikono yangu, halafu tuone atasema nini.

Uwanja wa ndege wa Dubai, asubuhi na mapema. Wafula alikuja na sare yake, ametoka zamu moja kwa moja. Nywele zimeingia mvi pande zote mbili, na hakuna picha yoyote ya simu iliyonionyesha mvi hizo. Tulipeana mikono kama watu waliokutana kwenye mkutano wa wazazi.

"Umekonda," akaniambia.

"Na wewe umezeeka," nikamjibu.

Tukacheka. Kisha mimi nikalia, pale pale mbele ya watu na masanduku yao. Sikuona haya. Nilikuwa nimemtamani mtu huyu hadi nikasahau harufu yake, na sasa alikuwa ananuka sabuni nisiyoijua.

Mtaa wa Karama, siku hiyo hiyo. Huko ndiko anakoishi, chumba kimoja na wanaume wengine saba, kila mtu na kitanda chake na pazia lake. Mimi alinikodia kitanda kwa akina dada, jengo la pili kutoka kwake. Mume na mke, mtaa mmoja, milango miwili! Kila jioni kabla ya kwenda zamu alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akaniaga kama mchumba anayemwogopa baba mkwe. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Nakato, Mganda wa Mbale anayefanya kazi hotelini. Aliniona nikijifuta macho akanitengenezea chai.

"Dada, mimi huu ni mwaka wa sita," alisema. "Mwanzo hamu inakula kweli kweli. Halafu unaizoea. Sasa siku ukishaizoea, hiyo ndiyo siku ya kuogopa."

Nilidhani ananiambia habari zake.

Al Quoz, mchana wa pili. Gereji lilikohamishiwa gari ipo nyuma ya maghala, na mwenyewe ni Bwana Nassor, mzee wa asili ya Unguja ambaye babake alihamia huku zamani. Alimpa Wafula kona ya gereji bure, kwa mapenzi ya magari ya zamani tu.

"Karibu, bibi," alisema. "Mumeo katuchosha na gari lake. Leo katuletea na mkaguzi."

Nilikwenda nikiwa nimelichukia gari lile kama mke mwenza. Haki ya Mungu, nililiona nikalizunguka mara mbili. Lilikuwa jekundu la kukolea, limepigwa rangi kwa mkono usio na haraka. Breki mpya, nyaya zote zimefungwa vizuri, chini hakuna hata tone la oili. Nilimwona ndani yake fundi aliyenioa, yule aliyekuwa akifuta kila nati kabla ya kuirudisha. Niliumia, maana utunzaji wote ule nilikuwa nautaka nyumbani kwangu.

"Linakataa nini?" nikamwuliza.

"Linakohoa, linazima. Gasketi ya chini ya kabureta imeoza, inavuta hewa. Niliagiza Marekani, ikaja isiyofaa. Nangoja nyingine."

"Unaingoja tangu lini?"

"Mwaka na zaidi kidogo."

Siku ya tatu gerejini, Bwana Nassor alinikabidhi spana. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema, na wafanyakazi wake wakacheka. Tulifungua kabureta, tukaisafisha. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda ndani kama gundi. Kisha nikatoa karatasi yangu ya Kitale, nikailaza juu ya kikalio cha kabureta, nikachukua nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Kwa asiyejua: huhitaji mkasi. Unagonga polepole ukifuata ukingo wa chuma, na ule ukingo wenyewe ndio unaokata karatasi. Tundu kwa tundu, pembe kwa pembe, hadi gasketi inainuka imetimia.

Bwana Nassor alisogea na kikombe chake. "Mashallah. Mkono huo una mwalimu. Nani kakufundisha?"

"Huyu," nikasema, nikimwonyesha Wafula kwa nyundo.

Ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Alinifundisha yeye, kwenye baraza yetu, mwaka mmoja kabla ya Neema kuzaliwa. Alinishika kifundo cha mkono akaniambia nisipige, nigonge tu. Karatasi ilipokosekana alikata gasketi kwa boksi la sabuni, na gari la mteja likafika Lodwar na kurudi. Mtu huyo alikuwa amekaa zaidi ya mwaka akingoja kipande cha karatasi kutoka Marekani.

Nilimtazama. Alikuwa anafuta spana iliyokwisha kuwa safi. Bwana Nassor, mtu mzima, akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Niliifunga gasketi, nikarudisha kabureta, nikakaza nati zake kwa zamu. "Washa," nikamwambia. Stata ikazunguka mara mbili, na injini ikashika. Mabati ya gereji yalitetemeka. Wafanyakazi walipiga makofi na mmoja akapiga mluzi. Mimi nilisimama na nyundo mkononi, na sijawahi kuhuzunishwa hivyo na injini inayofanya kazi.

Wiki iliyofuata tulilipeleka kwenye kituo cha ukaguzi, likapita mara ya kwanza, likapewa nambari. Wafula alifurahi, akanipeleka madukani Al Ras kumnunulia Neema viatu. Alichagua vyekundu vyenye kifungo, akavipima kwa shubiri yake.

"Hivi vya mtoto wa darasa la pili," nikamwambia. "Neema anavaa viatu vyangu."

Akavirudisha rafuni mwenyewe, taratibu, kimoja baada ya kingine.

Barabara ya Hatta, siku ya mapumziko yake. Alitaka nilipande gari kabla sijaondoka. Usukani uko kushoto, kwa hivyo nilikaa upande ambao nyumbani ni wa dereva, na mguu wangu ulitafuta breki njia nzima. Mchanga huku, mchanga kule, na gari linakwenda kwa raha utadhani halikuwahi kulala. Wafula aliendesha kwa mkono mmoja, kama zamani. Kwa muda niliacha kuhesabu siku zilizobaki.

Lakini mimi sijui kuweka kitu moyoni. "Wafula," nikasema. Nikimwita jina lake anajua nimekasirika. "Ile gasketi ungeweza kuikata."

"Ningeweza."

"Mbona hukuikata?"

Aliegesha kando ya barabara, akaacha injini iende.

"Nikiwa huku mimi ni mtu wa kungojewa," alisema. "Neema anawaambia wenzake babangu yuko Dubai. Nikirudi nitakuwa mzee mwenye spana, na gereji siku hizi ni za vijana wenye kompyuta. Na mtoto hanijui. Nikipiga simu ananiamkia kama anamwamkia mwalimu mkuu."

"Atakujuaje kwa simu?"

"Naogopa, Mama Neema."

"Na mimi je? Nimelala upande mmoja wa kitanda miaka minane, ule mwingine nauwekea nguo za kupiga pasi! Sitaki gereji. Sitaki mtaji. Nakutaka wewe, na mvi zako."

Alinishika mkono. Alisema, "Nitakuja." Hakusema lini, na kwa mara ya kwanza sikumsaidia kutaja mwezi.

Uwanja wa ndege tena, siku ya kurudi. Alinipeleka na gari lenyewe, na watu walilipiga picha kabla hata hatujashuka. Alianza kunieleza kwamba mwisho wa mwezi atalitangaza, kwamba Bwana Nassor ana mnunuzi. "Usinieleze," nikamwambia. "Wewe njoo tu." Nikaingia ndani bila kugeuka, maana ningegeuka ningebaki.

Kitale. Nimerudi na wiki tatu zimepita. Ninyi mnaoniuliza nilichojifunza huko, ni hiki: Wafula hakudanganya peke yake. Kila kisingizio alichonipa nilikipokea, nikakifuta vumbi, nikampelekea mtoto kikiwa safi. Sababu zake zilikuwa zinakaa nyumbani kwangu.

Jumapili iliyopita alipiga simu tukiwa mezani. Gari halijauzwa. "Giaboksi inanguruma kidogo, gia ya tatu," aliniambia. "Nikishaifungua tu, nikaiangalia—"

Nilimpa Neema simu. "Mwulize baba yako anakuja lini," nikasema, "na usimsaidie kujibu."

Akaamkia, akauliza. Kisha akakaa kimya, simu sikioni, macho yake kwangu. Nami nikakaa kimya. Tulisikia kwamba bado yuko kwenye laini, anapumua, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia haidhuru.