Walipohesabu Wagonjwa Nilikuwa Migombani

Kwetu mke hakutani na baba mkwe wake. Ukimwona anakuja njiani unaingia migombani na kukaa humo hadi apite, hata kama mvua inakumwagikia na mzigo wa kuni uko kichwani. Humtazami, humtaji jina, na sauti yako asiisikie. Wazee wenzake nao unawakwepa vivyo hivyo. Mimi nilikuwa hodari wa kukwepa, maana mwenye kifafa hufundishwa mapema kukaa pembeni.

Nilianguka mara ya kwanza mwaka wa pili wa ndoa, jikoni, mkono wa kushoto ukaingia motoni. Waliokuwepo walisimama wakanitazama nikiungua. Waliamini povu langu linaambukiza, kwa hiyo siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo. Tangu siku ile nikawa na kikombe changu na sahani yangu, na mume wangu akaona kazi ya mgodini Kiwira haimruhusu tena kurudi nyumbani. Nilikula peke yangu, nikazungumza na kuku, ambao hawana mazungumzo ya maana.

Ilikuwa miaka ile vyama vingi vimeingia, mitumba imejaa minadani na hospitali zimeanza kututaka tuchangie matibabu. Watafiti wakaja kijijini kwetu, upande wa Masukulu. Walitaka kuhesabu wenye kifafa nyumba kwa nyumba, kisha waombe fedha za kutafuta chanzo chake na kutupa dawa kwa miaka. Mgeni hatembei kijijini bila balozi wa nyumba kumi, na balozi wetu alikuwa baba mkwe wangu.

Niliposikia sauti yake uani, miguu ilinipeleka migombani kabla sijafikiri. Nikamsikia mtafiti akiuliza kama humu ndani yumo mtu anayeanguka. Mkwe akanyamaza. Hakuwa mwongo, mzee wa heshima hazungumzii mwili wa mke wa mwanawe mbele ya wageni. Wakaandika kwamba hayumo, wakaenda nyumba ya pili, ambako niliona kanga ya mke mwingine ikipotea kwenye majani. Huyo naye alikuwa akianguka. Nilitaka kuwakimbilia wale wageni, lakini nilichuchumaa palepale hadi walipovuka kijito.

Baada ya mavuno nilikwenda kliniki Tukuyu kutafuta vidonge. Vilikuwa vimekwisha, waliokuwa na uwezo walinunua duka la dawa. Muuguzi, dada wa makamo asiyejua kubembeleza, akaniambia utafiti umehamishiwa wilaya nyingine, kwa kuwa kwetu wagonjwa wameonekana wachache mno. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na kicheko kilipokatika machozi yakaendelea. Nikamuuliza aliyeamua ni nani.

"Fedha hizo wanagawana wakubwa," alisema. "Wenye maradhi mengine wanawafuata wabunge, wanawasumbua. Nyie mmemfuata nani?"

Njia nzima nililibeba swali hilo. Nilikuwa nikidhani utafiti ni mambo ya madaktari na siasa ni mambo ya wenye afya zao. Kumbe kuna mahali watu walikaa wakachagua ugonjwa upi utafutiwe dawa, na wangu haukuwa na wa kuusemea. Nilijichukia kwa kule kuchuchumaa.

Kampeni zilipofika kwetu, mgombea ubunge alihutubia uwanja wa shule ya msingi. Watu waliuliza habari za barabara, bei ya chai, mbolea. Mkwe alikuwa amekaa kigoda cha mbele, na mimi nyuma kabisa. Niliogopa kuanguka nguo zikanivuka mbele yake. Niliogopa zaidi kutoanguka, kwa sababu hapo ningelazimika kusema. Nikajifunika kanga kichwani, nikasimama.

Nilisema mimi ni mgonjwa wa kifafa, sikuhesabiwa, na nataka fedha za utafiti zirudishwe kwetu. Mkwe akainuka, akageuza kigoda chake, akakaa akinipa mgongo. Mpaka leo sijui kama alinikasirikia au alinipa nafasi ya kusema. Niliendelea kwa sauti kubwa zaidi.

Mgombea alitoa daftari. Akasema kwa upole kwamba hawezi kwenda kuombea fedha mtu mmoja, wenzangu wanyooshe mikono awaandike. Nikawatazama wanawake wenzangu wanaoanguka. Mmoja, ambaye kichwa chake nilikishika mapajani mwangu mara nyingi akitokwa na povu, alikuwa akifunga mbeleko ambayo haikuwa imelegea. Mwingine alitazama chini. Niliwajua wote kwa majina, na ningeweza kuyataja, lakini nikiyataja, tangu usiku ule nao wangekula peke yao kama mimi.

"Niandike wangapi, mama?" akauliza.

"Mmoja," nikasema.