Mama mkwe alivyokataa kuwasha moto siku ya mahari yangu

Wakuu, habari za humu. Vuteni viti. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi sijatia hata chembe.

Mwaka jana nilipeleka wajomba zangu Riruta kwa kina Njoki, mchumba wangu, kuzungumza mahari.

Kwanza mjue mama mkwe ndiye kiongozi wa akina mama wanaookota kuni kwenye msitu wa karibu. Tangu sheria mpya ya misitu ije, wana deal na wasimamizi: wanaokota kuni kavu, nao wanasaidia kulinda miti. Mtu wa kwao akikata mti mbichi, lango linafungwa kwa wote. Wengi wao wanauza githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa hivyo bila kuni hakuna biashara.

Basi tukaimba pale getini kwao, kama ilivyo desturi, mpaka tukafunguliwa. Ndani, sufuria zimepangwa lakini moto hakuna! Akina mama wa kuni waliokuja kupika wamekaa tu, wamenuna.

Kumbe baba mkwe, kwa kutaka hema lipendeze, alikata nguzo msituni. Mbichi kabisa, utomvu bado unatoka.

"Baba Njoki, mimi sipiki chini ya hema ya wizi," mama mkwe akasema mbele yetu. "Enda uambie askari wa msitu wewe mwenyewe. Ama wageni wako warudi na njaa."

Mjomba akaninong'oneza, "Hii familia iko serious. Na mimi sikunywa chai."

Wakuu, niliogopa. Niliona ndoa yangu ikiyeyuka hivi hivi.

Mzee akavaa kofia, akaenda. Akarudi na askari.

Askari akakagua nguzo, akawatazama akina mama. "Lango halifungwi, juu mmesema nyinyi wenyewe. Lakini mzee atapanda miche na aitunze mpaka ishike."

Vigelegele! Moto ukawaka. Askari mwenyewe alikula, akaongezwa. Mahari nayo ikaenda vizuri, mzee hakuwa na nguvu ya kubishana.

Nilichojifunza: msitu ukiwa wa serikali peke yake, kila mtu anakata. Ukiwa wa mama mkwe, hata mumewe haponi.

Kwenu je? Wananchi wanahusishwa kweli, ama ni mikutano ya soda tu? Mwageni maoni.

Ngojeni kidogo. Mke wangu anasoma hapa begani, anasema nisifiche: aliyemchongea babake kwa mamake ni yeye.