Wavu wa Kufungua Macho

Jirani yangu Adolphine, ambaye watu wa mji wetu wa Baraka, upande wa Kongo, wanamwita Mama Divine, anaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni tangu nilipomfahamu. Mikono yake hunuka samaki hata siku ya ibada, na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

"Harufu ya ndagala ndiyo ilisomesha batoto yangu," husema. "Mutu asiyeipenda, asinipe mukono."

Vita vilipofika alivuka ziwa akiwa na Divine mgongoni, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Tanzania. Aliporudi alikuta nyumba yake imebaki kuta mbili, lakini ndagala walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuwaona utotoni. Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kabla ya kunieleza.

"Siye tulikimbia, ziwa ikapumuzika," aliniambia siku moja akichambua samaki. Hakulisema kwa furaha. Ni vigumu kukiri kwamba kitu unachokipenda kilistawi kwa sababu wewe hukuwepo.

Basi nchi nne zinazolizunguka Tanganyika zilipokubaliana kulifunga ziwa miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazae, yeye hakuhitaji kushawishiwa. Ndiye aliyezunguka kwa waanikaji wenzake, nyumba kwa nyumba, akiwaomba wakunje mikeka na kuvumilia kwa mihogo na mashamba ya mlimani. Wakavumilia. Kisha wachuuzi wanaopita na mashua wakaleta habari: ng'ambo watu wanavua kama kawaida.

Wanawake wakamjia juu, Georgette akiwa mbele. Georgette ni mwanikaji mwenzake, na ulimi wake haujui kupumzika.

"We ulitufungisha njaa, Mama Divine! Siye tunakunja mikeka, bo banakula!"

Mwaka huu, kabla ya ziwa kufungwa tena, wajumbe wa wavuvi wa ng'ambo walikuja Baraka kuzungumza. Wanawake walimtuma Adolphine awasemee, na walimwambia waziwazi: arudi na ahadi inayoonekana kwa macho. Akirudi na maneno matupu, wote watashuka ufukweni na mikeka yao, na yeye hatawasemea tena.

Aliitikia. Kitu ambacho hakukijua ni nani angekuwa miongoni mwa wageni. Binti yake Divine alibaki Tanzania na kuolewa na mvuvi anayeitwa Eddy. Katika ukoo wa Adolphine, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni wala hawasemezani mpaka mkwe alete mbuzi wa kufungua macho. Mahari ililetwa na wazee, lakini mbuzi hakuja. Ziwa ni pana, kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na wajukuu wakazaliwa bila Adolphine kuujua uso wa baba yao.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa parokia, nami niliombwa kusaidia kuwapa wageni chai. Kiliongozwa na Bwana Déogratias, ofisa wa serikali aliyeshuka kutoka Fizi. Alianza kuwatambulisha wageni mmoja mmoja.

"Na huyu ni msemaji wao, Bwana Eddy. Nasikia ni mkwe wa hapahapa Baraka, alioa Divine."

Adolphine alivuta kitenge kikamfunika kichwa. Akageuza kiti, akakaa akiutazama ukuta.

Mzee mmoja wa wageni aliichukua kofia yake na kusimama.

"Tumevuka ziwa zima tuje kuonyeshwa mgongo?"

"Ikala chini, baba," Georgette akadakia kutoka mlangoni, akicheka huku ameshika mbavu. "Haiko hasira. Iko ukwe!"

Hapo Eddy naye aliinuka na kutoka nje. Déogratias alishika kichwa. "Sasa huyu naye anakwenda wapi?"

Hakwenda mbali. Sauti yake ilisikika dirishani, nyuma ya kiti cha Adolphine, mahali wasipoweza kuonana. "Hodi humo ndani."

Adolphine hakugeuka. Juu ya meza ndogo mbele yake kulikuwa na termosi ya chai. Aliitazama kwa heshima, kama mtu anayemtazama mshenga.

"Termosi," alisema, "uliza batu ya ng'ambo: mwaka ilipita, ziwa ikiwa imefungwa, balivua ao hapana?"

"Termosi," sauti ya dirishani ikajibu, "mwambie mama wapo waliovua."

"Nani?"

"Mmoja wao ni mimi. Tulisikia Baraka mnavua, tukaona tusibaki wajinga peke yetu."

"Siye tunavua?" Georgette alipaza sauti. "Nani alibaambia?"

"Wachuuzi wa mashua."

Watu walitazamana. Hata mzee wa kofia aliketi tena. Mara nyingi nimejiuliza kama Eddy angeyasema hayo akiwa ameketi mezani, ana kwa ana na mama wa mkewe. Nadhani asingeyasema.

"Termosi," Adolphine aliendelea, "mi sitaki karatasi. Nataka macho. Siye tutume mutu wetu akae kwao mpaka ziwa ifunguliwe, na bo balete mutu wao hapa. Kila asubui apige simu, aseme mitumbwi iko wapi."

"Atalala kwa nani?" mzee wa kofia aliuliza.

"Kwangu," alisema Eddy.

"Termosi, na ile wavu alivua nayo iko wapi?" Adolphine aliuliza.

Eddy alisema kwa sauti ya chini kwamba wavu umo ndani ya mashua. Kwao siku hizi mtu huulizwa kila anapoutandaza, maana ni wa aina iliyokatazwa, kwa hiyo alikuja nao auuze huku, mahali asipojulikana.

"Huku tunakujua," Georgette alisema, "mpaka mama mukwe yako tunamujua!"

Ukumbi ulicheka. Adolphine peke yake hakucheka.

"Termosi, mwambie mbuzi yangu sijaiona. Alete ile wavu pahali yake. Mbuzi tutakula leo, kesho imekwisha."

Uliletwa. Matundu yake yalikuwa madogo kama ya chandarua; ni aina inayokusanya hata samaki ambao hawajajifunza kukimbia. Adolphine aliupapasa kwa vidole muda mrefu. Halafu alifunua kitenge, akageuka, akamtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza.

"Mm," alisema. "Divine aliniambia we ni murefu."

"Labda alinitazama akiwa ameketi, mama."

Hapo ndipo Adolphine alipocheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilimwona, na sidhani kwamba machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Isidore, mdogo wa Adolphine, aliondoka na wageni kwenda kukaa kwa Eddy. Kwetu alibaki mzee wa kofia, anayelalamikia bukari, ugali wetu wa muhogo, kila anapokula, na anakula vizuri.

Sasa ziwa limefungwa. Wavu wa Eddy umekazwa juu ya vijiti nyuma ya nyumba ya Adolphine, umekuwa kichanja. Ndagala watakapokuja hawatalala tena chini kwenye mikeka. Kwa sasa anaanikia mihogo. Kila asubuhi wanawake hupita kwake kabla ya kupanda mlima kwenda mashambani, naye huiweka simu juu ya kichanja ili wote wasikie.

"Mitumbwi yote iko inchi kavu," Isidore alisema leo. "Nimepita ufuko muzima."

"Na mukwe yangu?"

"Iko analala. Anakoroma sana, dada, hii nyumba haina usingizi."

"Muache akorome," alisema Adolphine, akageuza vipande vya muhogo upande wa pili. "Mvuvi mwenye kukoroma haiko ziwani."

Georgette alibeba jembe lake, akatangulia mlimani.