Bulangeti Iliyonuka Ndagala

Liste ya masista ilikuwa na mambo kumi na mane. Niliisoma mara nyingi, kidole chini ya neno, mpaka karatasi ikakatika pale ilipokunjwa. Shuka mbili. Ndoo moja. Sahani ya bati. Viatu vyeusi. Tuliyapata, leo hili, kesho lile, mpaka likabaki moja tu, namba tisa: bulangeti nzito.

Binti yangu wa kwanza alikuwa amepita mutihani wa mwaka wa sita wa primeri, na masista wa internat moja ya bara, shule ya kulala hukohuko, safari ya treni na kisha ya kamyo, walikubali kumupokea. Ilikuwa wakati wa Zaire. Parokia yetu ilipata nafasi tatu. Padri alituita sisi wazazi watatu baada ya misa, akatueleza wazi: mutoto atakayefika na liste isiyotimia atarudi na kamyo ileile iliyomuleta, na nafasi yake itapewa mwingine.

Mimi nilifika mwaka wa tatu wa primeri, nikatolewa kuja kulea wadogo zangu. Wale wote tuliosoma nao, majina yao ninayo kichwani mpaka leo, na ya walimu, hata la mbuzi wa mwalimu. Siyaandiki hapa kwa sababu wengi wana wajukuu wanaojua kusoma. Basi nilipoona ile namba tisa imebaki peke yake, nilizunguka duka kwa duka kuuliza bei.

Bulangeti ya duka hatukuiweza. Minerval, pesa ya shule, ilikuwa imekula kila kitu. Sisi ni watu wa kaskazini ya ziwa, tulishuka Kalemie kufuata ndagala, wale samaki wadogo wa kuanika, na siku zile upepo ulikuwa mukali, baba wa watoto anarudi na samaki wa kujaza beseni moja. Mimi nilikuwa naanika, nageuza, nauza. Kukaa sikukujua. Hata kula nilikula nimesimama.

Jirani yetu alikuwa mama mujane, Muluba wa Ankoro, mume wake alikuwa wa reli. Kwenye kamba ya uwanja wake aliweka bulangeti ipate jua, bulangeti ya vipande vya bikwembe, vitambaa vyetu vya kujifunga, rangi mia, aliyoishona kwa mukono. Alikuwa amefundishwa na masista tangu wakati wa Wabelgiji. Siku moja niliishika. Ilikuwa nzito sawa mutoto aliyelala.

Nikamwendea.

"Mama, nifundishe kazi hii."

"Unajua kushona?"

"Nashona nyavu tangu nina meno ya maziwa."

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Wavu ni matundu, mama. Unakaa siku nzima unatengeneza matundu. Huku kwangu tunayaziba."

Alinieleza kazi kwa maneno ya jikoni. Bulangeti ni ngozi ya juu, nyama, na ngozi ya chini. Ngozi ya juu ni vipande. Hivyo nilivipata sokoni kwa mama mmoja aliyeuza mabaki ya fabriki ya nguo, vingine nilivikata kwenye bikwembe vyangu vilivyozeeka. Nyama ilikuwa bulangeti yetu ya kijivu, ile tuliyoanza nayo ndoa, imejaa matundu kama dagaa walipita ndani yake. Ngozi ya chini ilikuwa magunia mawili ya farini ya ngano, nimeyafumua na kuyafua, maandiko bado yanaonekana kidogo kidogo. Vipande unavikata kwa kipimo cha karatoni ya sabuni, vyote vilingane, unaviunga kimoja kwa kimoja mpaka vinakuwa mustari, mustari kwa mustari mpaka inakuwa nguo. Kisha unapanga ngozi, nyama, ngozi, na unashona mishono midogo inayopita zote tatu, kutoka katikati kwenda pembeni.

"Mushono ni punje ya muchele," alisema. "Na uzi ukigusa nguo, simama. Uzi ushike nguo, usiinyonge."

Nikashona mishono mine. Nikasimama kuangalia kama jua limehama kwenye samaki wangu. Nikarudi. Nikashona mitatu. Nikasimama, nilisikia kunguru.

"Ee mama! Matako yako yana miiba?"

"Ndagala zangu..."

"Ndagala zimekufa tayari. Zinakwenda wapi?"

Siku ya tatu ya mafundisho yetu akaitwa kilioni, kaka yake alikuwa amefariki. Aliniachia kibarua changu na roli moja ya uzi wake wa pamba. Na hapo njo nilipoharibu.

Ule uzi sikuupenda. Niliuzungushia vidole, nikavuta, ukakatika. Kwetu, uzi unaokatika kwa vidole vya mwanamuke hauitwi uzi. Nilikuwa namuona mutoto wangu kule bara, bulangeti inafumuka mbele ya masista, kamyo inamungoja. Nikafungua kopo la baba wa watoto, nikatoa uzi wa nayloni, ule wa nyavu, na sindano nene. Nikaubeba mufuko wangu wa vipande mpaka kwenye muchanga, pale tunapoanika, nikashonea hapo. Mishono miwili, nasimama, nageuza ndagala. Mishono mitano, natupia bata jiwe. Na kila mushono nilikaza kwa nguvu zangu zote, kwa sababu kwenye wavu fundo lisilokazwa ni samaki aliyekwenda.

Kwa siku nane nilimaliza. Baba wa watoto akaivuta huku na huku, akapiga mluzi.

"Hii hata kiboko hawezi kuipasua."

Nilijisikia kichwa kimekuwa kikubwa. Nikaikunja, nikaiweka juu ya ile ndoo ya liste, nikamwita binti yangu aione. Aliishika. Akaisogeza mbali na uso. Nikajua kuna neno.

"Sema."

"Mama, ni nzuri."

"Sema ile ingine."

"Inanuka ndagala."

"Ndagala njo zimekusomesha!"

"Najua, Mama. Lakini kule kwenye dortuari tutalala wengi. Batoto ba bara batanicheka. Bataniita Mama Ndagala."

Nilikasirika, nikatoka nje, nikazunguka nyumba. Kisha nikarudi nikaweka pua. Ilikuwa kweli. Siku nane kwenye muchanga, kati ya samaki, na mikono yangu ya samaki. Ilikuwa Ijumaa. Treni ilikuwa ya Jumatatu. Muntu mwenye akili angeitandaza juani na kungoja jirani arudi. Mimi niliichukua kichwani na sabuni mukononi, nikashuka nayo ziwani.

Tuliifua sisi wawili, maji yakitufika magotini. Ikawa nzito kama muntu aliyelewa. Tukatoka nayo kuikamua, yeye ncha ile, mimi ncha hii, yeye anazungusha kuume, mimi kushoto. Nikasema, kaza. Akakaza.

Ikalia. Nafikiri ile sauti iko bado pale ufukoni. Ilipasuka kufuata mustari wa mishono, kisha mustari mwingine, kisha wa tatu, sawa vile unavyopasua karatasi uliyoikunja kwanza. Tuliifungua. Nayloni yangu yote ilikuwa nzima, inangaa, hakuna hata mushono mumoja uliokatika. Ni bikwembe vilivyokatwa nayo.

Binti yangu hakulia. Afadhali angelia. Aliuliza tu, "Sasa nitabaki?"

Nilianza kutembea. Nilitembea na ile bulangeti inayotiririka maji begani mpaka nyumbani, na mulangoni kwa jirani nikaona viatu vyake. Alikuwa amerudi kutoka kilioni asubuhi ile, bado amefunga kitambaa cheusi. Nikaitupa mbele yake.

Aliigeuza polepole. Akachomoa kipande cha uzi, akakiinua kwenye jua.

"Ni nini hii?"

"Ni uzi wenye nguvu."

"Ninauona. Huu hauchoki. Lakini nguo yako imechoka tangu zamani, na umeilaza na huyu kitanda kimoja. Unategemea nini?" Akaizungusha tena. "Na umevuta. Angalia hapa, imekunjana kama uso wa muntu anayekunywa dawa. Kwa nini ulivuta?"

"Niliogopa isije ikafumuka."

Hapo akaiweka chini. "Treni ni lini?"

"Jumatatu."

"Leta mukasi. Na mutoto aje. Na ndagala zako zichungwe na yule aliyezivua."

Nilidhani baba wa watoto atakataa, kwa sababu kugeuza ndagala ni kazi ya wanawake, na wavuvi wenzake wangemuona. Walimuona. Walimuita mama fulani, wakamuomba awapimie za kuuza. Aliwatukana siku mbili bila kupumzika, lakini hakuondoka pale.

Sisi tulifumua. Kutoa nayloni bila kuumiza nguo ni kazi mbaya kuliko kushona. Vipande vilivyopasuka tukavitoa, tukaweka vingine. Nikakata kikwembe cha misa, kile kimoja nilichobakiza kizima. Jumamosi ikaisha tukiwa bado na ngozi ya juu. Jumapili tulisali kwanza, kisha tukakaa tena, na jirani akasema kama ngombe wako ameanguka kwenye shimo siku ya Bwana, unamutoa.

Mimi bado nilikuwa nasimama. Mwili ulisimama wenyewe. Nasikia muntu anapita, nasimama. Nafikiri kamyo, nasimama. Mwishowe yule mama akasogeza kiti chake, akakalia upindo wa kikwembe changu.

"Sasa simama tukuone uchi."

Binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nami nikashona. Punje ya muchele, punje ya muchele. Uzi ukigusa nguo, nasimama, lakini sasa ni mukono tu unaosimama. Nikajaribu kukaza kidogo, jirani akanipiga kofi la vidole bila kuinua macho.

Jumatatu asubuhi tulikuwa na katikati yote, na mistari mine ya pembeni bado. Tukaibeba hivyo mpaka gare ya treni, na ndoo, na sanduku la bati.

Treni za wakati ule, wale walio na umri wangu wanajua. Mashine, ile inayovuta mabehewa, haikuwa imefika kutoka Kabalo. Watu walitandika mikeka, wakawasha mbabula za makaa, wakaanza kupika foufou hapohapo. Kila mara mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika. Siku ile niliketi juu ya sanduku, tukatandaza bulangeti juu ya magoti yetu wawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimuombea mashinisti, yule muendesha treni, usingizi mwema. Kila filimbi ya mabehewa yanayosukumwa ilinichoma moyoni. Mama wengine walikuja kuangalia. Mumoja akauliza kama tunauza. Mwingine akasema inanuka kidogo, nami nikamwambia asogee.

Jumanne mchana mashine ikaja. Ilikuwa imebaki mistari miwili. Watu wakaanza kupandisha kuku na magunia, mimi nashona, nashona, mushono unakuwa mukubwa kama punje ya hindi.

"Mama, leta," binti yangu akasema.

"Bado!"

"Leta. Nimeona vile inafanywa."

Akachomeka sindano pale nilipofika, akaizungushia uzi kama namba nane, akakunja bulangeti, akaifunga kwa kamba.

"Utashonea wapi? Treni inatikisika."

"Nitashona ikisimama. Inasimama sana."

Akapanda. Nilikimbia kando ya dirisha mpaka mwisho wa kwe, ile sakafu ya gare, kisha nikakimbia bado kwenye mawe, mpaka muzee mumoja wa reli akanishika mukono.

Baada ya hapo sikuwa muntu. Kamyo ingemurudisha kwenye treni, treni ingemurudisha kwangu, kwa hiyo kila treni iliyoingia ilikuwa na hukumu yangu ndani. Nikisikia filimbi upande wa Lukuga, naacha ndagala kwenye muchanga, nakwenda mbio gare, naangalia kila mulango, kila sanduku la bati. Treni ya kwanza, hayumo. Ya pili, niliona musichana wa kimo chake anashuka na ndoo, nikamukimbilia; hakuwa yeye.

Ya tatu, yule muzee wa reli aliyenishika mukono alishuka akiniangalia, akatoa barua mufukoni mwa koti. Alitaka kunisomea. Nilikataa. Niliiweka juu ya ukuta, nikatia kidole chini ya neno la kwanza.

"Mama, nimefika. Sista alisoma liste. Kufika namba tisa akafungua bulangeti, akaigeuza, akaona sindano. Akauliza, hii haijaisha? Nikasema, bado mustari mumoja. Akauliza, nani ataumaliza? Nikasema, ni mimi. Akaniambia nikae nishone mbele yake. Nilikaa. Aliangalia kidogo, akaweka alama kwa namba tisa. Amenipa kitanda cha karibu na dirisha, kwa sababu ya ndagala."

Niliisoma mara mbili. Kidole kilifika mwisho, nikakirudisha kwenye "nilikaa", nikakiacha pale kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba samaki wa siku mbili walikuwa kwenye muchanga bila muntu wa kuwachunga, na mawingu yalikuwa yamefunga juu ya mulima. Nikaingiza barua kifuani, nikakimbia.