Tope la Bata Wangu

Mwanangu akiingia ndani na viatu vya tope, badala ya kugomba mimi huinama nikanusa kwanza. Tope la hapa Ibadakuli ninapoishi sasa halinuki kama la bwawa letu la Masumbwe, lile lililonuka majani yaliyooza na samaki kwa mbali, lakini linatosha kunirudisha.

Nilikuwa na miaka minane na bata mmoja mwenye vifaranga saba, na kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kuwashibisha. Baba alikuwa mchimbaji. Mwalo wake, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, ulikuwa ukingoni mwa bwawa hilohilo tulilochota maji ya kunywa. Nilimwona akizungusha karai taratibu mpaka uchafu umwagike na dhahabu ibaki chini, nami nikaiba ujuzi. Nikaiba na karai la mama la kuoshea mchicha. Mama alinisema mpaka akachoka, maana alikuwa mjamzito na kuinama kulitafuta kulimtesa.

Nilichota tope la chini upande wa matete, nikazungusha. Mchanga ulimwagika, ikabaki mali yenyewe: konokono wadogo weusi, minyoo myekundu myembamba kama uzi wa kushonea, watoto wa kereng'ende wenye macho makubwa na sura ya kununa. Mara nyingine alikuwemo na ruba, ambaye alikipenda kifundo cha mguu wangu kuliko karai. Bata wangu walinenepa hadi wakawa wanatembea kwa shida.

Siku moja, kwa uvivu wa kuzunguka hadi kwenye matete, nikachota tope karibu na mwalo. Karai likabaki tupu. Nikarudia mpaka mikono ikauma, na bata wakanitazama kama mtu aliyechelewesha ugali.

Jioni tukila, nilimpa baba taarifa kwa lugha ya wachimbaji wenzake, ambao shimo la dhahabu huliita duara.

"Baba, upande wa mwalo wako duara halitoi. Hata mnyoo mmoja."

Baba alicheka hadi tonge likamponyoka. Kisha akamtazama mama. Asubuhi nilimkuta ameinama pale mwaloni na karai la mchicha, anazungusha tope, na baba hakuwa mtu wa kufuga bata.

Siku hiyohiyo akaanza kuhamisha mwalo, akaupeleka mbali, ng'ambo ya kilima, huku wenzake wakimtania kwamba anajitafutia kazi. Nilipomuuliza sababu, alisema ni kwa ajili ya bata wangu. Niliringa mwezi mzima. Mama naye akaanza kuchota maji kisima cha mbali. Nikadhani bata walikuwa wanamchafulia. Mvua zilipoanza akazaliwa mdogo wangu Mabula, mnene, mwenye kelele.

Jibu lile nililiamini mpaka nilipobeba mimba yangu ya kwanza. Kliniki, nesi aliniuliza maji ya kunywa nachota wapi, na kama karibu kuna watu wanaoosha dhahabu kwa zebaki, maana sumu yake humdhuru mtoto aliye tumboni. Nikaikumbuka zebaki ya baba pale mwaloni. Nilipotoka tu nikampigia baba simu, nikamwambia leo ndiyo nimeelewa kwa nini mwalo ulihama.

Alicheka kicheko chake kilekile, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama anavyoniita tangu utotoni.

"Sikukudanganya, mayu. Nilihama kwa ajili ya bata wako. Sema mmoja alikuwa bado tumboni."