Aliyekuwa Akikuna Nazi Songo Mnara

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti hiyo tuliisikia kabla hatujaona ukuta hata mmoja. Mtu alikuwa anakuna nazi ndani ya magofu ya Songo Mnara, mchana, jua likiwa utosini. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mimi nilikuwepo, na mdogo wangu Somoe yu hai, muulize.

Sisi ni watu wa Rutamba, watu wa mikorosho. Somoe alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza, na tangu hapo alilala ameupa ukuta uso. Majirani walikuja na maswali, mashangazi wakaja na pole zinazochoma. Nikasema basi. Nikapanga nguo zetu katika begi moja la mgongoni, nikamburuta mpaka Kilwa Masoko, tukapanda boti ya injini. Safari fupi tu, nilimwambia, uone bahari. Moyoni nilikuwa nimeapa kumrudisha nyumbani akiwa mtu.

"Nyie wa bara mkizama, mama yenu nimwambie nini?" nahodha alitutania tuliposhuka kwenye mikoko.

"Mwambie tulipata nahodha mbovu," Somoe akamjibu. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akitania.

Nahodha akabaki na boti yake, sisi tukaifuata ile sauti. Katika chumba kisicho na paa tulimkuta mwanamke mtu mzima, kanga kaifunga kifuani, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia. Sinia mbele yake lilikuwa jeupe pe, lakini nazi mkononi haikupungua. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Sauti ya kawaida kabisa, niamini.

Sasa sikiliza kosa letu. Kwetu, binti aliyelelewa hakai akimtazama mkubwa anafanya kazi. Somoe akavua viatu, akasema, "Bibi, nikupokee."

Yule mwanamke akanyanyuka polepole, akaunyoosha mgongo kama mtu aliyekaa miaka mingi. Akatabasamu. Somoe akakalia mbuzi, akaanza kukuna.

Akakuna, akakuna. Nikamwambia twende, boti inatusubiri.

"Nenda, dada. Mimi naona raha hapa."

"Raha gani, jikoni kwa watu?"

"Hapa haniulizi mtu."

Nikamvuta mkono. Ungedhani navuta mzizi wa mkorosho. Nilipogeuka, mwanamke alikuwa anajitanda ushungi, tayari kutoka, na nyayo zake haziachi alama mchangani.

"Muache," alisema. "Kazi kaiomba mwenyewe."

Ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilisimama njiani pake. Nisingerudi Rutamba na begi bila mdogo wangu.

"Bibi, umetukaribisha?"

"Nimewakaribisha."

"Umetupa maji?"

Mikono yake ikasita kwenye ushungi.

"Mgeni hupewa maji kwanza, kazi baadaye. Maji hujatupa, basi hujatukaribisha. Na asiyekaribishwa hawezi kukupokea kitu."

Alikitazama kisima kilichokuwa pembeni, kikavu, kimejaa majani. Sijawahi kuona uso ukizeeka mbele yangu namna ile. Akauvua ushungi taratibu, akaukunja.

"Haya, mwanangu," alimwambia Somoe kwa upole. "Lete."

Somoe akampisha. Akasimama akilia, kilio kile alichokizuia tangu mazishi, na mimi nikamwacha alie.

Leo Somoe analima, anacheka, anagombana na majirani kama zamani. Lakini nazi nyumbani nakuna mimi. Yeye akishika mbuzi mkono hauachi, mpaka tumbandue.

Kwa hiyo wewe mwenye begi mgongoni, visiwa vyetu nenda, usiogope. Ila usipokee kazi ya mtu usiyemjua kabla hujanywa maji yake. Akiwa hana maji, muage, uondoke, na usigeuke. Sisi hatukugeuka. Tulitoka tumeshikana mikono, na nyuma yetu, katika chumba kile kisichobakiwa hata na fremu ya mlango, tukasikia mlango mzito wa mbao ukifungwa.