Dari ya Mama na Kompyuta Yangu

Kazi yangu pale Mikumi ilikuwa kuikamata kompyuta ikisema uongo. Ofisi yetu ndogo ilikuwa na programu ambayo ukiichorea nyumba, kuta za nini, paa la nini, madirisha mangapi, inakutabiria nyumba hiyo itakuwa na joto kiasi gani na itakula umeme kiasi gani. Mimi nilitumwa kwenye nyumba halisi na vipimajoto, nirudi, nilinganishe. Ikipatia, naweka alama ya vema. Ikikosea, natafuta sababu, na hapo ndipo raha ya kazi ilipokuwa.

Maana ilikosea kwa namna za kuchekesha. Katika nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu, programu ilidhani joto likizidi watu watafungua madirisha. Mtu wa Mikumi haachi dirisha wazi mchana akatoka, labda kama amekusudia kuwalisha nyani mkate wake. Vyumba vilikuwa vinachemka, feni zinakula umeme bila huruma, na kompyuta inasema hali ni shwari. Nilicheka peke yangu mpaka mhudumu akaniuliza kama naumwa.

Kaka yangu mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kilosa mjini, aliposikia habari za kazi hii aliona ameletewa jibu mlangoni. Kwa miaka alikuwa anataka kuibomoa nyumba ya mama kule Tindiga, aijenge upya kwa tofali za saruji na bati la rangi. Iliyopo ni ya tofali za udongo na bati kuukuu, na juu ya vyumba kuna dari ya miti iliyokandikwa udongo, ambayo marehemu baba aliijenga kwa mikono yake. Mama hakutaka hata kusikia. Wakikutana ni ubishi mtupu, na mimi katikati, kila mmoja akinivutia kwake.

"Tuiache mashine iamue," kaka akasema. "Ikisema nyumba ni ya joto, tunabomoa kabla ya masika. Ikisema ni nzuri, sifungui mdomo tena."

Mama akakubali, nami nikashangaa. "Nyumba yangu haiogopi mtihani," alisema.

Nikaichora ofisini kwa kumbukumbu tu. Nimezaliwa humo, nikapime nini? Kompyuta ikafikiri, ikatoa jibu: Oktoba, saa nane mchana, chumba cha mama ni tanuri. Moyo uliniuma, kwa sababu nilitaka nyumba ishinde, sifichi. Nilipompigia kaka alijaribu kusikitika, lakini nilimsikia akimwambia mtu dukani aanze kutenga nondo.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Bado hatujapima."

Jumamosi nikaenda Tindiga na vipimajoto vyangu, vidogo kama kiberiti, vyenye laini ya simu ndani yake ya kutuma taarifa hadi kwenye kompyuta yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndio hao wasimamizi wa mtihani?"

Nikatundika kimoja kwenye msumari chumbani kwake, nikarudi Mikumi. Kesho yake mchana nikafungua kompyuta: chumba cha mama kilikuwa na baridi ya Njombe. Nikapiga simu.

"Mama, kipimajoto kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Nimekifunga kitambaa kibichi, nimekiegemeza kwenye mtungi. Kilikuwa kinaona joto, masikini."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamsihi akirudishe msumarini, aishi kama siku zote, asimwage maji sakafuni, asikipepee. Alikirudisha shingo upande, nadhani akiamini kwamba ndiyo ameshaipoteza nyumba ya baba.

Wiki ikapita na mstari wa joto ukajichora. Chumba hakikuwa Njombe, lakini tanuri pia hakikuwa. Kilikuwa na ubaridi mzuri ambao kompyuta haikuutegemea kabisa. Nilihakiki unene wa kuta, nikahakiki madirisha, nikahakiki bati, sikuona kosa. Kaka akasema vipimajoto vyangu vimeshahongwa chai na mama. Basi tukafuatana Tindiga, yeye na futi kamba yake.

Akaweka ngazi, akasukuma kifuniko cha dari ili apime unene wa udongo. Kilichomshukia hakikuwa udongo. Mahindi yalimporomokea na magunzi yake, kichwani, mabegani, ndani ya kola ya shati, pamoja na vumbi na dumuzi wachache, wale wadudu wa ghalani, waliokuwa wamejilalia. Akabaki ameshikilia ngazi, macho kayafumba, kama bwana harusi aliyemwagiwa maua kwa nguvu. Mama alikaa chini kwa kucheka.

Mimi nilipanda kutazama. Dari yote, ukuta hadi ukuta, ilikuwa imejaa mahindi ya mavuno ya mwaka ule, kimo cha goti na zaidi. Nilikulia chini ya mahindi na sikuwahi kufikiri kwamba ni sehemu ya nyumba. Kompyuta nilikuwa nimeiambia kwamba juu ya kitanda cha mama kuna hewa tupu.

Nikakaa barazani, nikaiongezea nyumba mahindi. Programu haikuyajua. Ilijua pamba ya kuzuia joto na mbao za Ulaya, kwa hiyo nikachagua kitu cha kufanana nayo, nikakipa unene wake. Mstari wa programu ukashuka, ukashuka, ukalala karibu kabisa na mstari wa kipimajoto. Nilipiga kigelegele. Kaka akaitazama mistari ile miwili, akatoa punje moja sikioni, akasema, "Haya. Sifungui mdomo."

Mama akataka kujua mwanzoni mashine iliona nini. Nikamweleza kwamba iliona dari haina kitu.

"Kumbe iliniona nina njaa," akasema. "Ndiyo maana ikanisema vibaya."

Tukacheka, tukala, tukaondoka. Kipimajoto nikakiacha palepale msumarini, na kila asubuhi ofisini nikawa nautazama mstari wa mama kabla ya kugusa kazi nyingine. Ilikuwa ni kama kumjulia hali.

Februari mstari ukaanza kupanda. Nilidhani ni jua. Ukapanda tena, ukafika palepale programu ilipoanzia, chumba cha tanuri, dari tupu, na ukakaa hapo. Kompyuta yangu ilikuwa imepatia, na sikuifurahia hata kidogo.

Nikapiga simu. "Mama, chakula kipo?"

"Tele."

"Na mahindi?"

"Yapo, mwanangu. Fanya kazi yako."

Mama yangu haombi. Baadaye tulisikia kwamba mahindi aliwagawia majirani ambao mafuriko yaliwaharibia mashamba, naye akabaki anabandika chungu cha maji matupu ili moshi uonekane. Siku ile sikubishana naye. Nilimpigia kaka.

Jumapili kaka alifika Tindiga na pikapu ya mahindi, nami nyuma juu ya magunia. Hakuita vibarua. Alipanda mwenyewe, akayapanga magunia ukuta hadi ukuta, jasho likimtiririka.

"Nani kawaambia?" mama akauliza, mikono kiunoni.

"Hatujaleta chakula, mama," kaka akajibu, kichwa kikiwa darini. "Tumekuja kuziba joto."

Mama akageuka, akakitazama kipimajoto msumarini.

"Mmbeya wee," akakiambia. Kisha akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, akaenda kutubandikia chai.